Kazi Nyepesi ya Kumshusha Doto

Saa mbili na robo asubuhi ya Jumanne, muuguzi wa kliniki ya watoto alimlaza mtoto wa pili wa mdogo wake kwenye mizani, na mshale haukusogea. Akaigonga mizani mara mbili kwa kiganja, kama alivyozoea kuikumbusha kazi yake. Akamwondoa mtoto, akaweka dumu la maji la lita tano. Mshale ukaenda kwenye tano bila ubishi. Akamrudisha mtoto. Sufuri.

"Mizani haina kosa," alisema. "Mwanao ndiye hana uzito."

"Tangu lini?" aliuliza mdogo wake, huku akimvalisha Kurwa soksi.

"Tangu nilipobonyeza Hifadhi."

Wakati wanazungumza, Doto alikuwa ameshaondoka kwenye mizani. Alipanda taratibu, tumbo juu, akinyonya kidole gumba, hadi akagusa dari karibu na feni. Bahati nzuri feni ile ilikuwa mbovu tangu mwaka juzi. Muuguzi akapanda kwenye kiti, akamshika kifundo cha mguu, akamshusha, akamfunga bendeji kiunoni na ncha ya pili akampa mama mtu. Kisha akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Akina mama walimwita muuguzi huyu Sista Mizani. Alikuwa amepima watoto wa mitaa ile kwa miaka kumi na minne, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwongezea mtu gramu hata moja kwa heshima ya mzazi. Hili la watoto kuelea halikuanza na huyu. Alikuwa ameshawafunga bendeji wengine watano, wote akina Doto. Maana mapacha, kama ajuavyo kila mtu, anayetangulia kutoka ni Kurwa na anayefuata ni Doto, na aliyeelea siku zote alikuwa yule anayefuata. Mama zao waliwabeba akina Kurwa mgongoni, wakawashika akina Doto kwa kamba, wakaendelea na shughuli zao. Siku za upepo walitembea karibu na ukuta.

Sababu ilijulikana. Kliniki zote zilitumia programu iitwayo Daftari la Watoto. Ilikuwa programu huria, yaani haikuwa mali ya kampuni wala ya serikali. Iliandikwa na watu wa kujitolea walio mbalimbali duniani, na yeyote aliruhusiwa kuifungua, kuisoma ndani na kupendekeza marekebisho. Mtoto wa kwanza akiingizwa, inamwandika vizuri. Wa pili akiingizwa, programu inaangalia: mama ni yule yule, siku ya kuzaliwa ni ile ile. Basi inaandika "Marudio. Yamefutwa," na mtoto anaanza kupanda. Hapo hapakuwa na la ajabu. Kisichoandikwa hakina uzito, na hilo hata makarani wanalijua.

Ila safari hii ilimgusa Sista Mizani pabaya. Mdogo wake alikuwa amehamia mjini humo na mapacha wa miezi saba. Huko walikotoka waliandikwa kwa kalamu kwenye kadi, na kadi ya Doto ilisema kilo saba na gramu mia mbili, tena kwa wino mzito. Wakifika miezi tisa walitakiwa kuchanjwa surua. Friji la chanjo lilifunguka kwa namba ya mtoto tu, na Doto hakuwa na namba. Na surua ilikuwa imeshaingia nyumba ya tatu kutoka kwenye kona.

Daktari mfawidhi, mkuu wa kliniki, alikuwa mtu mwema anayependa mambo yapite. Alishauri Doto aandikwe kuwa kazaliwa kesho yake.

"Nimemzaa Jumanne," alisema mdogo wake. "Saa nne Kurwa, saa nne na dakika kumi Doto. Sitamwongopea mwanangu siku aliyozaliwa eti kompyuta ifurahi."

Sista Mizani alijaribu hata hivyo, mama mtu alipotoka nje. Programu ikajibu kwamba mama huyu alishajifungua jana na anatakiwa kupumzika.

"Subira huvuta heri," alisema mfawidhi.

Mdogo wake alikuwa amerudi mlangoni, kamba mkononi, mkono ukiwa umenyooka juu. "Daktari, mimi heri sijaiona. Ninayevutwa ni mimi, na anayenivuta ni huyu hapa."

Mchana huo Sista Mizani akakata shauri. Alifungua ukurasa wa wenye programu. Juu kabisa, mfasiri fulani mwenye moyo mzuri alikuwa ameandika: "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Karibuni wote mchangie." Sista Mizani alikuwa mtu wa kuamini maandishi. Akaona basi, kama mwenyeji mwenyewe anaumwa na anasema njoo, mgeni anangoja nini?

Hakuwahi kusomea kompyuta. Alinunua kitabu chakavu cha kujifunzia kwenye meza ya vitabu vya mitumba, akawa anakisoma saa ya chakula, sahani pembeni. Maandishi ya ndani ya programu aliyachambua kama anavyochambua mwandiko wa madaktari: neno hili nalijua, hili silijui, hili linafanana na lile. Wiki ya tatu akaupata mstari wenyewe. Ulikuwa mfupi na haukuwa na aibu. Ulisema kwamba kama mama ni mmoja na siku ni moja, mtoto naye ni mmoja. Yeye akaongeza kipande kidogo: isipokuwa mmoja akiwa Kurwa na mwingine Doto. Akaongeza na kiswali kwenye fomu, "Kurwa au Doto?" Akautuma mchango wake, akarudi kazini dakika mbili kabla ya muda.

Jibu lilikuja hata hajakaa. Liliandikwa na mashine. Mchango ulikuwa umekataliwa kwa sababu mwishoni mwa mstari wa pili kulikuwa na nafasi moja tupu. Akaifuta nafasi, akatuma tena. Ukakataliwa kwa sababu kichwa cha ujumbe kilizidi herufi hamsini. Akakipunguza. Ukakataliwa kwa sababu kilianza na herufi ndogo. Hapo mashine ikamwambia asome mwongozo wa wageni.

Akauchapa mwongozo kwa mashine ya kliniki. Ulianza kutoka Jumatano asubuhi na hadi Ijumaa jioni ulikuwa bado unatoka. Kila alipomaliza kusoma ukurasa mmoja, miwili ilikuwa imeshaongezeka nyuma yake. Ukurasa wa themanini na nane ulieleza kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Chetu kiko darini," alisema mdogo wake, aliyekuwa akisaidia kupanga karatasi. "Waambie, dada."

Alipofika ukurasa wa mia nne, karatasi zikaisha, na mwongozo ukatulia kungoja karatasi nyingine.

Wiki iliyofuata akaandika mtu, au angalau kitu chenye jina: Mtunza Lango. Hakuna aliyewahi kumwona. Sista Mizani hakuwahi kujua kama ni mmoja au ni watu wa zamu. Mtunza Lango alishukuru kwa mchango, akasema tatizo la mapacha ni la kweli na halina ugumu wowote, na akalibandika alama ya kijani iliyoandikwa "Kazi Nyepesi, kwa Wageni."

Saa ile ile Doto akazidi wepesi. Kwanza alikuwa akielea tu, sasa akawa anavuta. Mama mtu aliona visigino vyake vinanyanyuka sakafuni, akaita kwa sauti ya kawaida kwamba aletewe kitu kizito. Kilichokuwa karibu ni mwongozo. Wakaukata katikati, nusu wakaifunga tumboni kwa Doto na nusu mgongoni, akatulia kwenye mkeka na kuanza kuchezea vidole vya miguu. Kwa hiyo siwezi kusema mwongozo ule haukumsaidia mtu.

Sista Mizani aliuliza ni lini mchango wake utapokelewa. Mtunza Lango akafafanua kwa upole. Watunzaji hawagusi kazi nyepesi, maana hizo zimewekwa akiba kwa wageni, ili wajisikie wamekaribishwa. Mchango wa mgeni nao hupokelewa pale tu anapodhaminiwa na mtu ambaye mchango wake ulishapokelewa.

"Sasa yule wa kwanza kabisa," aliandika Sista Mizani, "yeye alidhaminiwa na nani?"

"Swali hili limeshawahi kuulizwa," akajibiwa, na swali likafungwa.

Akapigwa danadana wiki tano. Alielekezwa kwenye baraza la majadiliano, baraza likamrudisha langoni. Aliambiwa atoe ushahidi, akatuma picha ya Doto akiwa darini, akajibiwa kwamba picha haina maelezo chini yake. Akaandika maelezo: "Mtoto. Dari." Alitazama kwenye foleni, akaona wageni wenzake waliotangulia. Kulikuwa na michango mia tatu na kumi na mmoja, mingine ya miaka sita, na majina ya walioituma yalikuwa yameanza kufifia pembezoni kama nguo iliyoanikwa ikasahaulika. Mmoja alikuwa mkunga. Alikuwa amerekebisha kitu kile kile, kwa mstari ule ule, miaka minne kabla. Sista Mizani aliusoma mstari wa mkunga yule mara mbili, akahisi hasira inampanda mpaka masikioni. Hasira ile hakuificha wala hakuijutia.

Siku ya arobaini aliandika ujumbe mmoja tu:

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi leo ni siku ya arobaini. Jembe langu liko wapi?"

"Tafadhali tumia lugha ya mwongozo," akajibu Mtunza Lango.

Siku hiyo ndiyo mapacha walitimiza miezi tisa. Ilikuwa Jumatatu. Kurwa alichanjwa saa tatu, akalia, akanyamaza. Doto alikaa juu ya meza na mwongozo wake, akimtazama ndugu yake kwa huruma. Surua ilikuwa imefika nyumba ya jirani.

"Dada," alisema mdogo wake, "unawabembeleza watu ambao hawajawahi kumshika mtoto. Programu si wamesema ni huria? Nini maana ya huria?"

"Maana yake yeyote anaruhusiwa kuchukua nakala na kuirekebisha atakavyo."

"Na nakala iko wapi?"

Sista Mizani akaitazama kompyuta ya kliniki. Ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote, na kitambaa chake cha kuzuia vumbi.

Mfawidhi aliingia akamkuta ameshaifungua programu ndani, anaandika kwa vidole viwili. Akakohoa. Akasema kwamba utaratibu hauruhusu kliniki kugusa programu. Programu inatakiwa ibaki kama ilivyotoka kwa wenyewe.

"Sawa," alisema Sista Mizani bila kugeuka. "Basi mpime wewe huyu, uniambie kilo ngapi."

Mfawidhi akamtazama Doto, akautazama mwongozo uliofungwa tumboni. Alikuwa na wajukuu. Akatoka, akasimama nje ya mlango, na kila aliyekuja aliambiwa kwamba Sista yuko kwenye mkutano.

Saa tano na dakika ishirini Sista Mizani alimaliza mstari wake, pamoja na herufi ndogo na nafasi tupu aliyoiacha mwishoni makusudi. Akaandika jina la mama, siku ya kuzaliwa, Jumanne ile ile. Fomu ikauliza: "Kurwa au Doto?" Akachagua. Akabonyeza Hifadhi.

Kamba ikalegea. Mwongozo ukasikika ukilalamika chini ya mtoto aliyekuwa ameupata mwili wake wote kwa mpigo. Wakamfungua karatasi, wakamlaza kwenye mizani, mshale ukakimbia hadi kilo nane na gramu mia nne. Friji la chanjo likatoa mlio wake mdogo na kufunguka. Doto akachomwa sindano, akalia kilio cha mtu mwenye haki zake, na mama yake akampakata akisema, "Jamani, mwanangu mzito! Mwanangu mzito jamani!" Sista Mizani naye akalia kidogo. Akajifuta kwa pamba, akaitupa pamba kwenye ndoo yake, akanawa mikono.

Jumatatu iliyofuata Doto alipanda tena wakati wa chai, akagonga kichwa kwenye boriti. Programu hujisasisha yenyewe kutoka kwa wenyewe kila Jumatatu alfajiri, na mstari wa Sista Mizani ulikuwa umesombwa. Chanjo iliyoingia mwilini hakuna aliyeweza kuisomba, lakini iliyobaki ya mwaka wa pili ilikuwa bado mbele. Sista Mizani alifika kazini, akavua viatu vya njiani, akavaa vya kazini, akaurudisha mstari. Saa mbili kamili Doto akashuka kwenye mkeka wa nyumbani kwao akiwa ameshika kipande cha mkate. Ikawa hivyo kila Jumatatu.

Habari haina miguu lakini hufika. Akina mama wakaanza kuja kutoka kliniki nyingine, wengine kwa safari ya siku nzima, kila mmoja na Kurwa mgongoni na kamba mkononi. Sista Mizani hakuweza kwenda kila kliniki kila Jumatatu. Akachukua ukurasa mmoja wa mwongozo, akaugeuza upande mweupe, akaandika kwa kalamu ya wino:

"Karibu. Fungua hapa, ongeza mstari huu, bonyeza Hifadhi. Ukikosea hakuna aliyekufa, jaribu tena, na ukikwama niite."

Akaubandika ukutani kwa plasta. Hapakuwa na ukurasa wa pili. Mama muuza maji alijifunza kwa saa moja, akarudi kwao akawafundisha wawili. Fundi wa kuchomelea vyuma, baba wa mtoto mwenye afya zake, alisimama akausoma ukuta wakati anangoja zamu, akauliza kama anaruhusiwa kutengeneza kitu kingine. Jina lake lilikuwa na ng'. Programu ilikuwa inakata kila jina linapofika kwenye kile kikoma cha juu, na tangu alipoandikishwa kama mzazi, sharubu zake zilikuwa zinaota upande mmoja tu. Alimaliza kazi ile alasiri moja. Sharubu zikarudi kabla ya mwisho wa wiki, naye akanunua kitana.

Yote waliyoyatengeneza waliyatuma kwa wenyewe, kwa adabu, na nafasi tupu wakazifuta. Sista Mizani alisisitiza hivyo. Programu ni ya wote, alisema, na mwizi ni yule anayejirekebishia peke yake. Ikafika michango kumi na saba, ikafika sitini na mitatu. Ilisimama yote kwenye foleni nyuma ya ule wa mkunga. Hakuna hata mmoja uliopokelewa.

Mwaka mmoja na nusu ulipita. Doto alitembea mapema kuliko Kurwa, maana alishazoea kutotegemea sakafu. Chanjo ya pili aliipata Jumatatu moja saa nne, baada ya mstari kurudishwa. Na Jumatatu nyingine, ukumbi ukiwa umejaa, jibu likaja kutoka kwa Mtunza Lango. Sista Mizani aliinua mkono kuwanyamazisha, akasoma kwa sauti.

"Mpendwa mgeni. Tunakushukuru kwa mchango wako kuhusu mapacha. Tunaufunga leo kwa kuwa hatujaona harakati yoyote kwa muda mrefu. Usikate tamaa. Karibu tena."

Akina mama walikuwa kumi na wanne, na juu ya vichwa vyao akina Doto kumi na wanne walikuwa wakiyumba polepole chini ya dari, mmoja amelala, wawili wakinyang'anyana kijiko. Mdogo wake, ambaye siku hizi ndiye aliyewafundisha wageni kwenye kompyuta ya pili, alisonya tu. Ulikuwa msonyo mrefu, wenye mwanzo, kati na mwisho.

Sista Mizani akafungua fomu mpya ya mchango. Akajaza kila kitu: kichwa herufi arobaini na tisa, kikianza na herufi kubwa, mistari safi haina nafasi. Chini kabisa fomu iliuliza, kama ilivyouliza mara ya kwanza: "Je, umewahi kuchangia programu hii?"

Mara ya kwanza aliandika Hapana.

Sasa akaandika: "Kila Jumatatu."

Akabonyeza Tuma. Kisha akaurudisha mstari wake mahali pake, akavuta kiti karibu na mizani, na akanyoosha mkono apokee kamba ya kwanza.